Moto Usioonekana Wahitaji Macho

Nje kidogo ya mji mdogo wa Suneka, kandokando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori, yuko mzee mmoja jirani yangu ambaye kazi yake ni kuchoma matofali. Huyapanga yangali mabichi, safu juu ya safu, akayakandika udongo kwa nje, akaacha matundu ya kutilia kuni, kisha akawasha moto. Tangu hapo macho yake hayaoni tena kitu. Tanuri limefungwa, na kinachoendelea tumboni mwake ni siri ya moto wenyewe. Mzee huitazama rangi ya moshi, huweka kiganja karibu na ukuta, hukesha akiongeza kuni hapa na kupunguza pale. Hata hivyo, siku ya kulibomoa tanuri, aghalabu hukuta matofali ya katikati yameiva hata yakapindana, na ya pembeni, upande upigwao na upepo, bado mabichi. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa maneno ambayo sijayasahau: “Mwalimu, kuwasha moto si kazi. Kazi ni kujua umefika wapi.”

Ndugu msomaji, maneno ya mzee huyo ndiyo kiini cha makala haya, ijapokuwa nitakayoyasema hayahusu matofali bali mwili wa binadamu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka mingi nimefundisha habari za joto, mawimbi na sumaku, nikiamini kwamba ninazijua barabara. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alipopatikana na uvimbe wa saratani katika ini, ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikiyafundisha maneno tu. Uvimbe ulikuwa wa upana wa karibu sentimita 3. Kwa kuwa ini lake lilikwisha kudhoofishwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, alivyoishi navyo miaka mingi pasipo kujua, madaktari hawakupenda kumpasua. Walisema wangeuunguza uvimbe huo ungali mumo humo ndani ya ini, kwa sindano. Jamaa tuliuza ng'ombe, tukaita harambee, tukampeleka katika hospitali moja jijini Nairobi.

Tiba hiyo si uchawi, wala si ngeni sana. Mwaka 1990, makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na jingine la Italia, kila moja kivyake, yalichapisha habari za kuunguza tishu za ini kwa sindano ipitishwayo katika ngozi. Sindano hiyo hupitisha umeme wenye mitetemo laki kadhaa kwa sekunde, nao huzisugua chembe zilizomo katika tishu mpaka zikapata moto. Siku hizi hutumika pia maikrowevu, yaani mawimbi ya jamii ile ile yapashayo chakula moto katika majiko ya mjini.

Na joto hufanya nini? Seli zetu huishi kwa raha katika nyuzi 37 za Selsiasi. Mgonjwa wa malaria akifika nyuzi 40, nyumba nzima hukesha. Tishu ikipashwa mpaka nyuzi 46, seli zake zitakufa, lakini itahitajika kama saa nzima. Katika nyuzi 50 hadi 52, dakika nne hadi sita zatosha. Ikifika nyuzi 60, seli hufa karibu papo hapo, kama ute wa yai ugandavyo katika kikaango. Lakini mtu asidhani kwamba kuzidisha ndiko kufanikiwa. Joto likipita nyuzi 100, maji ya mwilini huchemka, tishu iliyo karibu na sindano hugeuka mkaa, na mkaa huo huuzuia umeme usipite, hata moto ukashindwa kuenea. Daktari basi hutembea katika njia nyembamba. Akipunguza, ataacha mbegu ya saratani. Akizidisha au akikosea mahali, ataunguza utumbo, kibofu cha nyongo au kiwambo cha pumzi. Isitoshe, haitoshi kuunguza uvimbe peke yake. Sharti aunguze pia ukingo wa tishu nzima unaouzunguka, wa milimita 5 hadi 10, ili asiache mzizi.

Haya yote hufanyika gizani, chini ya ngozi, chini ya mbavu, ndani ya ini. Na hapo ndipo swali la mzee wa matofali linaporudi: moto umefika wapi?

Sisi Abagusii tuna sababu ya kulielewa swali hili kuliko wengi. Mababu zetu walikuwa na mafundi wa kupasua vichwa, kila mmoja akiitwa omobari omotwe. Mtu aliyepigwa kichwani, maumivu yakamsumbua miezi na miaka, alilazwa chini, ngozi ikafunuliwa, na fundi akaukwangua mfupa wa fuvu polepole kwa chuma kilichopinda. Alikwangua mpaka akaukaribia utando uufunikao ubongo, na hapo mkono wake ukakoma. Wataalamu wa kigeni walikuja kuutazama ufundi huo na wakauandika katika majarida yao. Fundi yule hakuwa na mashine. Alikuwa na mwanga wa jua, jicho na kidole. Hata hivyo, alijua jambo moja ambalo tiba yote ya leo imejengwa juu yake, kwamba mkono hauna ruhusa ya kwenda mahali ambapo jicho halijafika.

Tiba ya joto iliyo karibu zaidi na wananchi wetu hivi leo hufuata kanuni hiyo hiyo. Nasema ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Muuguzi hupaka siki hafifu, akangoja dakika moja hivi, na sehemu yenye seli zilizoanza kupotoka hugeuka nyeupe. Akiridhika kwamba anaiona yote, na kwamba haijawa saratani kamili, hugusisha hapo ncha ya kifaa kilichopashwa moto kwa muda usiofika hata dakika moja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya tiba hii mwaka 2019, na vifaa vyake vingine huendeshwa kwa betri, hata vikafaa katika zahanati isiyo na umeme wa kutegemewa. Siki na taa ndizo macho ya muuguzi huyo. Lakini ini haliwezi kupakwa siki. Kwa ajili yake imebidi binadamu atengeneze macho mengine.

Macho hayo yana kazi nne. Kwanza, kuutafuta uvimbe. Pili, kuiongoza sindano. Tatu, kuuangalia moto ukiwaka. Nne, kuhakikisha baadaye kwamba umemaliza kazi. Hakuna mashine moja iliyo bora katika zote nne.

Inayotumika zaidi ni altrasaundi, ile mashine ambayo akina mama wajawazito wanaijua sana. Hutuma mwilini sauti ya mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, sauti ambayo hata popo hawezi kuisikia, kisha husikiliza mwangwi unaporudi. Haina madhara ya mionzi, bei yake si ya kutisha, na huonyesha sindano ikisogea wakati huo huo inaposogea. Lakini moto ukishawaka, mambo hubadilika. Tishu ichemkapo, viputo vya mvuke na gesi huzuka, na viputo hivyo huurudisha mwangwi kwa nguvu. Kwenye kioo huonekana wingu jeupe likitanda juu ya uvimbe, likificha kwa kivuli chake yaliyo nyuma. Wingu hilo ni dalili ya moto, bali si ramani ya seli zilizokufa. Laweza kuwa kubwa kuliko sehemu iliyoungua, au dogo kuliko hiyo.

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Siku ile ya tiba, daktari alitualika baadaye kuzitazama picha. Akatuonyesha uvimbe mweusi kabla ya moto, na wingu jeupe lililoufunika wote baada ya moto. Akatuonya pia, kwa maneno ya wazi, kwamba picha hiyo haitoshi, na kwamba jibu lingejulikana baada ya mwezi mmoja. Mimi, mwalimu wa fizikia, nililisikia onyo hilo kwa sikio moja. Niliporudi Suneka, nilisimama mbele ya kamati ya harambee nikatangaza kwamba uvimbe umeteketea wote, kwani nimeuona kwa macho yangu. Watu wakapiga makofi, wakafunga daftari la michango.

Baada ya mwezi mmoja shemeji alirudi kupigwa picha kwa mashine ya CT, ambayo huuzungusha mwali wa eksirei mwilini na kumwachia kompyuta kazi ya kuunganisha vipande. Kabla ya picha, mgonjwa hudungwa dawa inayong'aa katika eksirei, nayo husafiri na damu. Tishu iliyokufa haina damu, kwa hiyo hubaki nyeusi kama shimo. Uvimbe ulio hai hung'aa. Katika picha ya shemeji palikuwa na shimo jeusi zuri, na ukingoni mwake, kando kabisa ya mshipa mkubwa wa damu, palikuwa na mwezi mwandamo mdogo unaong'aa. Uvimbe ulikuwa haujaisha.

Daktari alitueleza sababu, nami niliona haya kwamba sikuifikiria mwenyewe. Damu inayopita katika mshipa wenye upana wa zaidi ya milimita 3 hivi hulichukua joto na kwenda nalo, kama upepo unavyolichukua joto la pembeni mwa tanuri. Seli zilizojibanza kando ya mshipa huo huogeshwa kwa damu ya nyuzi 37 wakati wenzao wanaungua. Ni jambo lile lile ninalowaonyesha vijana darasani kwa kuchemsha maji katika chombo cha karatasi juu ya mshumaa. Karatasi haiungui, kwa kuwa maji hulichukua joto. Nimelionyesha jaribio hilo mara nyingi mno, na siku nilipolihitaji sikulikumbuka.

Ilitubidi kuifungua tena harambee. Sitasahau sauti ya mama mmoja aliyeniuliza mbele ya watu, “Mwalimu, si ulituambia umeona?” Naam, nilikuwa nimeona. Nisilolijua ni namna ya kukisoma nilichokiona, na wahenga walisema kweli, usilolijua ni kama usiku wa giza. Shemeji aliunguzwa mara ya pili, safari hii kwa maikrowevu, ambayo hushinda ubaridi wa mshipa vizuri kidogo. Huu ni mwaka wa tatu, na kila baada ya miezi kadhaa hurudi kupigwa picha.

Yapo macho makali zaidi ya hayo. Mashine ya MRI hutumia sumaku yenye nguvu kubwa na mawimbi ya redio kuzichunguza protoni zilizomo katika maji ya mwilini. Protoni hizo huitika kwa sauti fulani, kama nyuzi za obokano ziitikavyo kidole cha mpigaji. Maji yakipata moto, sauti hiyo hushuka kidogo sana, kiasi cha sehemu moja katika milioni mia moja kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mashine huusikia mshuko huo, na kompyuta huugeuza kuwa ramani ya joto inayochorwa upya kila baada ya sekunde chache. Kwa njia hiyo daktari haoni dalili za moto tu, bali huona joto lenyewe. Hata hivyo, mafuta ya mwilini hayafuati kanuni hiyo ya maji, na ini hupanda na kushuka kila mgonjwa avutapo pumzi, hata ramani ikavurugika. Tena sindano ya chuma cha kawaida haiwezi kukaribia sumaku hiyo. Macho makali nayo huhitaji akili ya kuyatumia.

Je, macho haya yametoka wapi? Wanafunzi wengi hudhani kwamba yalizaliwa katika viwanda vya matajiri. La, hasha. Mmoja wa walioweka msingi wa mashine ya CT ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956, Hospitali ya Groote Schuur ilihitaji mwanafizikia wa kusimamia kazi za mionzi, naye akaazimwa kwa sehemu ya wiki. Alipowaona wataalamu wakikadiria mionzi kana kwamba mwili wote ni kitu cha aina moja, alijiuliza swali rahisi: twawezaje kujua kilichomo ndani kwa kupima kinachotoka nje? Alilijibu kwa hesabu, akachapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeyajali. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Swali lake lilikuwa ndilo lile lile la mzee wa matofali.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya tiba, zikiwamo mashine za picha, kwa ajili ya hospitali za kaunti zote. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo, ikatoa ripoti yake mwaka 2020, ilikuta kwamba katika baadhi ya kaunti vifaa vilikaa bure kwa ukosefu wa wataalamu wa kuviendesha au wa mahitaji kama umeme. Huo ndio ugonjwa wetu. Twapenda kukata utepe mbele ya mashine, kisha twaondoka bila kuuliza nani ataisoma picha.

Majirani zetu wa Tanzania walianzia upande mwingine. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, yalianzishwa mafunzo ya tiba iongozwayo kwa picha, kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani. Wageni walikuja kwa zamu, daktari, muuguzi na fundi wa mashine pamoja, si kuwatibu Watanzania na kurudi kwao, bali kuwafundisha Watanzania watibu wenyewe. Kazi nyingi zilianza kwa altrasaundi na mashine zilizokuwako tayari. Wenzetu walianza na jicho, ndipo wakaongeza kioo.

Najua yupo atakayesema, “Mwalimu, unatuimbia sumaku na maikrowevu, na zahanati yetu haina hata dawa za maumivu.” Hoja hiyo ni nzito, wala sitaidharau. Tena naongeza kwamba moto bora kuliko wote ni ule usiohitajika kuwashwa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B imo katika chanjo za watoto wachanga wa Kenya tangu mwaka 2001. Shemeji yangu alizaliwa kabla ya hapo. Mahindi yanayoanikwa vibaya huota sumukuvu, ambayo nayo huzaa saratani ya ini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua kwa ghafla watu 125 katika sehemu za mashariki mwa nchi. Chanjo na kukausha nafaka ni lazima vitangulie.

Lakini sikubali kwamba maskini hana haja ya macho makali. Maskini ndiye asiye na nafasi ya kukosea. Tajiri akiunguzwa mara mbili atalipa mara mbili. Sisi tuliuza ng'ombe wa pili. Wala siombi MRI iletwe Suneka kesho. Naomba kwamba altrasaundi iliyopo iwe na mtu aliyefunzwa kuisoma, ili uvimbe wa sentimita 3 ugunduliwe ungali wa sentimita 3, maana joto hufaa zaidi penye uvimbe mdogo. Ukishafika sentimita 8, sindano haina tena la kufanya.

Walimu wenzangu, kazi hiyo huanza kwetu. Tukifundisha mwangwi kwa mfano wa mlima peke yake, kijana hatajua kwamba mwangwi huo huo umemwonyesha mama yake mtoto tumboni. Chemsheni viazi vitatu vya ukubwa mmoja, kimoja kwa dakika tatu, kingine sita, kingine tisa. Kabla ya kuvikata, kila mwanafunzi abashiri na aandike mahali joto lilipofikia ndani. Kisha vikateni. Wachache watapata, na wengi watakosa. Na wale waliokosa ndio watakaokuwa wamejifunza zaidi, kwa sababu watajua kwamba nje ya kitu si shahidi mwaminifu wa ndani yake.

Nanyi vijana mnaochagua masomo ya sayansi, msidhani kwamba njia ya hospitali ni udaktari pekee. Nyuma ya kila sindano yuko mwanafizikia aliyepima mawimbi, mtaalamu wa picha aliyeweka mgonjwa mahali pake, na msomaji aliyeuona mwezi mwandamo mdogo ambao mwalimu wenu aliupita.

Juzi nilipita tena kwa mzee wa matofali. Alikuwa ametoboa tundu dogo katika ukuta wa tanuri, upande ule wa upepo, akaliziba kwa kipande cha tofali. Kila baada ya muda hukivuta kipande hicho, akachungulia rangi ya moto, akakirudisha. Nilimwuliza nani aliyemfundisha. Akacheka, akasema, “Hasara, Mwalimu.” Nasi tumepata hasara ya kutosha. Haifai tungoje nyingine ndipo tutoboe tundu letu.